Windows au Linux Mint kwa kompyuta za steshenari

Steshenari nyingi hapa Ngamiani, Tanga, hutumia kompyuta za mezani za mtumba, na swali la kutumia Windows au Linux Mint, mifumo endeshi ya kompyuta, limekuwa zito tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya kusasisha Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni. Mashine zetu nyingi hazifiki hapo.

Linux Mint inakubali mashine hizohizo na hailipiwi. RAM ya GB 2 inatosha kuiwasha, ingawa mimi nashauri 4. Imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, jina ambalo sisi tungeliita utu. Menyu iko chini kushoto, hivyo mtu wa Windows hapotei.

Kinachonivuta hasa ni flashi. Mteja analeta iliyojaa virusi, mafaili yamefichwa, zimebaki njia za mkato tupu. Kirusi cha Windows hakifanyi kazi kwenye Mint, na mafaili halisi yanaonekana. Nimeokoa CV za vijana wengi hivyo, na kila mara nafurahi.

Lakini Word na Excel hazina toleo la Linux. LibreOffice, programu za ofisi zisizolipiwa, huyafungua mafaili yao, ila jedwali la barua ya ofisi linaweza kuhama mahali pake. Printa nyingine nazo hugoma. Anayetegemea Photoshop abaki Windows.

Duka langu ningeliwekea zote mbili kwenye diski moja: Windows kwa nyaraka za ofisi, Mint kwa flashi za wateja na intaneti.