Duka la mwarobaini Mtwara mjini: sabuni chukua, unga achana nao

Kuna duka la dawa asili hapa Mtwara mjini, jina silitaji maana nina ya kulisema, wanauza vitu vya mwarobaini kwa staili ya Kihindi, ile tiba yao ya jadi inayoitwa Ayurveda: sabuni, mafuta na unga wa majani. Nilibeba vyote vitatu msimu wa korosho ulipoisha, si mnalijua joto la huku kipindi kile, mgongo wote vipele.

Sabuni nimeikubali. Haina ule ukijani wa kung'aa, imefifia kama udongo, povu lake la kubembeleza, ila vipele vimetulia na ngozi haikakamai. Buku tatu kipande. Shida yake inayeyuka balaa, usiiache kwenye maji.

Mafuta sasa, harufu yake jamani ni kitunguu saumu kilichochacha, mke wangu alinihamishia sebuleni! Muuzaji aliniambia nipake hivohivo, mi sikushauri, makali yale yanaweza kukuwasha, nachanganya kijiko kimoja na kama kumi vya mafuta ya nazi, na nazi huku hatulii shida, napaka kichwani nakaa nusu saa naosha. Mba umepungua sana ingawa haujaisha. Yakikugandia asubuhi za baridi usidhani yameharibika, weka chupa juani kidogo.

Kilichoniudhi ni hiki, nikiwa palepale akaja bi mkubwa mmoja anatafuta dawa ya minyoo ya mjukuu wake, akaambiwa ampe kijiko cha mafuta yaleyale. Ikabidi niingilie, "shikamoo mama, samahani, haya hayanywewi, mpeleke mtoto zahanati." Muuzaji akaninunia mpaka naondoka. Lakini huko India na Malaysia watoto walishanyweshwa haya mafuta wakatapika, wakashikwa degedege, na wengine walikufa, na chupa yenyewe haina hata onyo wala tarehe. Hao wenye Ayurveda yao mwarobaini wanauita nimba, wanauhesabu dawa chungu ya kupoza mwili, wa kushusha pitta na kapha, yani joto na makohozi kwa lugha nyepesi, na mtu aliyekonda au dhaifu wanamwambia aende nao taratibu. Wajawazito na mnaotafuta mtoto msinywe mwarobaini kabisa, na nyie wa kisukari mnaomeza vidonge ongeeni na daktari kwanza maana nao unashusha sukari.

Unga ndo kichekesho. Elfu nane kikopo, Mtwara hii ambayo ukitoka nje tu unagonga kichwa kwenye mwarobaini wa jirani! Chuma majani, anika kivulini, twanga, chekecha, koroga na maji upake kwenye chunusi, umemaliza. Na mswaki wake bure vilevile, kijiti kibichi unatafuna ncha mpaka ifumuke. Biashara ya huu mti ina mambo kweli, kuna kampuni ya Marekani na wizara yao ya kilimo walipewa hataza, yani haki ya kumiliki ugunduzi, huko Ulaya ya dawa ya kuua ukungu wa mimea inayotokana na mafuta haya, Wahindi wakapambana nayo hadi ikafutwa mwaka 2000.

Sabuni nitarudi kuchukua. Mafuta mpaka waweke lebo ya maana. Ijumaa wanafunga mchana kwa ajili ya swala, mkienda wahini asubuhi, na mbebe chenji maana ya kwao haipatikanagi.