Lugha ya kigeni: mwalimu au programu ya simu?

Kwa gharama, simu inashinda bila jasho: programu nyingi zina sehemu ya bure, ilhali mwalimu hulipwa kwa saa. Hata kwenye msamiati simu ina ujanja wake. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha jinsi tunavyosahau upesi tusiporudia, na programu nzuri hukurudishia neno pale unapokaribia kulipoteza. Mwalimu gani ana subira hiyo?

Kwenye matamshi mambo hugeuka. Kichina cha Mandarin kina toni nne. "Ma" huweza kuwa mama, huweza kuwa farasi, kutegemea sauti inavyokwenda. Simu mara nyingi huridhika na kosa ambalo mwalimu angelikatiza hapohapo. Darasa lina aibu yake pia, na aibu hiyo (nakiri) ndiyo hukufanya uhudhurie. Programu ukiitelekeza wiki mbili, itakutumia ujumbe tu.

Una mtihani wa kiwango cha B2 (ngazi ya juu ya kati katika vipimo vya lugha vya Ulaya) mbele yako? Tafuta mwalimu. Unataka kusoma vichwa vya habari na kuulizia njia safarini? Simu itakufikisha. Mimi nilichanganya vyote viwili, na bado der, die na das za Kijerumani, vijineno vinavyoonyesha jinsia ya nomino, zinanitesa.