Zimegongwa 45, ndani ni 49

Sikupanga kuandika chochote. Lakini juzi nilizitoa tena kwenye kopo zile jeti mbovu nilizouziwa, yaani vipande vidogo vyenye tundu la kupimia petroli ndani ya kabureta, nikazitazama kwa lenzi, hasira ikanipanda upya.

Nina hotirodi, gari la zamani lililoboreshwa kwa mwendo, yenye injini ya Ford V8, ile ya zamani ya vali za ubavuni, na juu yake kabureta mbili za Stromberg 97. Kila kabureta ina jeti kuu mbili, kwa hiyo niliagiza nne, zote namba 45. Maana yake tundu la sehemu 45 za elfu moja ya inchi, saizi iliyokuwa ikifungwa kiwandani. Nilitaka nianzie hapo, nisome rangi ya plagi, kisha nipande au nishuke saizi taratibu.

Zilifika zimefungwa vizuri, zinang'aa, namba inasomeka. Nikazifunga, gari likawaka mara moja. Barabarani sasa! Kila nikikanyaga mafuta, injini inakohoa na kutema moshi mweusi. Plagi za mbele nyeusi tii, masizi matupu. Za nyuma safi, rangi ya udongo mkavu.

Nani angeshuku jeti mpya? Nilishusha presha ya pampu ya petroli hadi pauni 2.5 kwa inchi ya mraba, maana sindano za kufungia petroli za kabureta hizi hazihimili msukumo wa pampu za kisasa. Nikapima floti, yaani boya la ndani ya kabureta, nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili. Jumamosi zangu zote zikaishia chini ya boneti.

Nikampigia muuzaji, nikamweleza kwa adabu kabisa. Akaniambia, "Mzee, injini yako imechoka. Jeti hazina shida." Akakata simu. Injini nimeijenga kwa mikono yangu, pistoni mpya, ringi mpya. Imechoka wapi?

Ndipo nikaazima vijiti vya chuma vya kupimia matundu. Jeti za kabureta ya nyuma: kijiti cha 45 kinaingia kwa kubana, cha 46 kinagoma. Za mbele: cha 45 kinacheza, cha 49 kinapita! Ndani zimejaa mikwaruzo ya keekee. Kuna mtu alizipanua akaiacha namba ya zamani juu yake. Kutoka 45 hadi 49 mtu ataona ni kitu kidogo, lakini eneo la tundu linaongezeka karibu asilimia 19. Na hata saizi ingekuwa sawa, kingo zilizochubuka peke yake zinabadilisha jinsi petroli inavyopita. Jeti haitobolewi ovyo kama bati.

Hata hivyo, zile mbili za nyuma ni nzuri, nzuri mno. Kingo safi, saizi kamili, na mpaka leo ziko kwenye gari. Nimezitafutia wenzake wawili kwingine, nikawapima kabla ya kufunga, na sasa plagi zote nane zina rangi moja. Gari linavuta kutoka chini bila kusita hata kidogo. Siku ile ya kwanza niliendesha hadi giza likaingia. Kwa furaha hiyo nilishampa muuzaji nyota tatu, nikasema huenda hata yeye aliuziwa hivyohivyo.

Kisha nikamtumia picha za vipimo. Hakuomba radhi. Alijibu kwamba nimezitoboa mwenyewe. Mimi, nisiye na keekee ya saizi hiyo nyumbani! Nyota mbili nimezifuta. Iliyobaki ni ya zile jeti za nyuma, yeye hana chake hapo.