Baiskeli ya gia kwa michanga ya Mtwara na Lindi: ipi uanze nayo, ipi uipite tu

Hela ya korosho ikishaanza kuingia watu wanaulizia baiskeli za gia, na swali la kwanza huwa "ina shokapu mbili?" Jamani, shokapu ni swali la nne huko. Kwa njia zetu hizi cha kwanza kuuliza ni tairi lina upana gani na likichanika utalipata wapi. Ukiwa juu uwanda wa Makonde ni mchanga, ukienda Msimbati mchanga, ukikatiza mashamba ya mikorosho mchanga, afu ghafla unashuka ukingo wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma unakutana na mawe na makorongo ya mvua. Lindi vile vile, kupanda Rondo ni kazi nyingine na kuvuka na kivuko ukatembee upande wa Kitunda ni kazi nyingine. Na wengi wetu tuna uwezo wa baiskeli moja tu, hiyo hiyo ifanye yote.

Bei sitaji, maana baiskeli ile ile ya mtumba mwezi wa 8 ina bei yake na mwezi wa 11 ina bei yake, muuzaji anajua vizuri sana nani kalipwa. Kama una akiba nunua kabla ya minada ya korosho kuanza.

Haya, namba moja kwangu ni mtumba wa shokapu ya mbele tu, fremu ya aluminiamu, rimu ya inchi 26, V-breki (zile za mikono miwili inayobana rimu kwa raba), nyuma gia 7 au 8. Najua kuna watakaocheka, wataniambia 26 imepitwa na wakati, na huko Ulaya kweli imepitwa, lakini sisi tunaendeshea huku. Tairi na tyubu za 26 ndo maduka yetu ya spea huwa nazo, raba za V-breki na waya wake fundi yeyote wa chini ya mwembe anazijua, na cheni ya gia 6, 7 na 8 ni ile ile moja kwa hiyo huhangaiki. Tafuta yenye nafasi ya kuingia tairi la upana wa inchi 2.1 na zaidi, weka kidole kati ya tairi na fremu huko nyuma karibu na krenki, kidole kisipopita ujue hata hilo jembamba lililopo limebanwa, tope la masika litakukwamisha. Gia za Shimano za kundi la Altus au Acera zinatosha kabisa, Deore, ya daraja la juu yao, ukiipata kwa bei hiyo hiyo ushukuru Mungu. Kitu cha kuangalia kwenye V-breki ni ukuta wa rimu, pitisha kucha pale raba inapogusa, ukikuta pamebonyea kwa ndani rimu imeliwa na mchanga na siku moja itapasuka mteremkoni.

Namba mbili ni 29 yenye breki za diski za waya. Kwa kuendesha tu, bila kuangalia mengine, hii ingekuwa namba moja, gurudumu kubwa linapita juu ya mizizi na mchanga wa wastani bila kukung'ang'ania. Shida ni tairi. Utakwenda kwa fundi atakwambia "mwanangu hii 28 ya Phoenix inaingia tu, tutailazimisha." Haiingii! Soma ubavuni mwa tairi kuna namba ndogo, mfano 54-622, hizo tatu za mwisho ndo kipenyo cha rimu kwa milimita. 29 ni 622, Phoenix ya 28 ni 635, 26 ya milimani ni 559, na kuna 27.5 ambayo ni 584. Sentimita moja na kitu inaonekana ndogo lakini tairi litachezea au litagoma kabisa. Kwa hiyo ukinunua 29 agiza na tairi moja la akiba papo hapo, lije na basi kutoka Dar, usisubiri likuharibikie ukiwa Kitangari. Pedi za breki nazo chukua seti mbili kwa sababu za diski zina maumbo mengi, nenda na ile ya zamani mkononi dukani.

Breki za mafuta je? Ni tamu, kidole kimoja tu unasimama, ila kabla hujatoa hela jua inakula mafuta gani. Shimano wanatumia mafuta ya madini, za Avid na SRAM nyingi zinatumia DOT, hii ya DOT 4 inauzwa duka la spea za magari. Usije ukachanganya, ukitia DOT kwenye breki ya Shimano mipira ya ndani inavimba na breki ndo imekufa hivyo. Shika lever uibane kwa muda, ikizama polepole mpaka kwenye usukani achana nayo.

Ya tatu, ile ya chuma ya zamani isiyo na shokapu hata moja. Naipenda mwenyewe, nyepesi kuliko watu wanavyodhani, haina cha kuharibika, na ukiweka tairi pana lenye upepo kidogo mchanga unapita. Kwa mtu wa Masasi au Newala ningeipandisha hata namba mbili. Kwa mtu wa Mikindani, Mtwara mjini au Lindi mjini hapana, chumvi ya bahari. Fanya hivi ukiwa pale pale kwa muuzaji: legeza boliti ya siti, vuta bomba la siti juu. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma likikaa na chumvi miaka linagandana, halitoki kwa nyundo wala kwa maombi. Likigoma mrudishie, hata akipunguza bei, maana siti iliyoganda chini ya urefu wako ni magoti kuuma kila siku. Likitoka, pindua baiskeli juu chini uone kama maji yenye kutu yanachuruzika.

Nne ni ya shokapu mbili ya ukweli, mtumba wa Giant au Trek au Specialized. Kwa kushuka ukingo wa Newala hamna mpinzani, lakini shokapu za upepo zinataka pampu yake maalum na oringi mpya, na mtumba uliokaa stoo miaka umekauka mipira. Kama huna mtu Dar wa kukutumia spea, iache.

Mwisho kabisa, mpya ya dukani, shokapu mbili, rangi tatu, springi nene katikati. Nzito, ile springi inakula nguvu zako kila ukikanyaga, friwili inalegea mapema. Mtoto wa shule wa kwenda lami kwa lami sawa.

Ukiwa umeshachagua beba rula. Pima cheni pini 1 mpaka ya 25, yaani nusu vipande 24, cheni ambayo haijachakaa hapo inatoa milimita 305 hivi, ikifika 308 imekwisha na pengine imeshakula meno ya nyuma. Shika breki ya mbele sukuma baiskeli mbele nyuma, pakigonga pale chini ya usukani gololi zimelegea au zimeisha, hiyo ni ya kupunguziwa bei sio ya kuikimbia. Valvu angalia iwe nene kama ya bodaboda, ile nyembamba pampu za mafundi wengi hazikai, na tundu la rimu la valvu nyembamba linatobolewa likawa pana lakini pana halirudi kuwa jembamba.

Upepo sasa. Mafundi wanajaza mpaka tairi linalia kama ngoma, waambie waache. Mchangani mtu wa kilo 65 hivi na tairi la 2.1 anatembea na psi 25 mpaka 30, ukifika kwenye mawe ongeza kidogo tyubu isibanwe na rimu. Kwa miiba, kata tyubu kuukuu kwa urefu uitandike kati ya tairi na tyubu mpya, inaongeza uzito lakini unarudi nyumbani umepanda.

Helmeti usiiweke kwenye orodha ya baadae. Matawi ya mkorosho yanashuka mpaka usawa wa uso na saa 11 jioni jua likiwa mbele yako huyaoni. Miwani ya kioo cheupe ya fundi welda inafaa kabisa, bei chee, na mchanga hauingii.