Nasoma udi kwa maalim wa Mji Mkongwe, mwezi wa saba huu

Watu wananiuliza sana nasoma udi wapi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, basi naandika mara moja. Nasoma kwa maalim mmoja mtu mzima wa Mji Mkongwe, Unguja, jina siliweki maana mwenyewe hapendi, anafundishia barazani kwake baada ya laasiri, somo la saa nzima elfu 15.

Huyu bwana usiku anapiga na kikundi, nyimbo anatunga, na wenzake wakiwa na wimbo mpya wanampelekea yeye awapangie muziki, nani aanze, fidla zijibu wapi, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, inyamaze wapi maneno yasikike. Na yote hayo utayakuta kwenye somo. Siku moja sika, ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu wenye robo sauti, ilinishinda kabisa, udi shingoni hauna vyuma kama gitaa kwa hiyo ile robo sauti unaitafuta mwenyewe kwa kidole, naikosa naikosa, akanishika kidole akakirudisha nyuma kama punje ya mchele hivi, akanambia piga. Wallahi niliisikia. Halafu akaniimbia ubeti wake mwenyewe mara 2, kwanza kwa sika yenyewe, kisha kwa sauti ya kinanda cha kawaida, na ule uchungu wote wa maneno ukapotea pale pale. Mwalimu asiyetunga angenionesha wapi hayo?

Wimbo wa harusi ya mdogo wangu pia katunga yeye. Alikaa na mama kwanza akamuuliza bibi harusi kalelewa na nani, anapenda nini, baada ya siku 10 kaleta beti 5 vina vimekaa, udi, fidla, akodiani na kingoma cha dumbak basi. Kiitikio cha kwanza hakijesha mashangazi washainuka kutunza.

Anayetaka nyimbo za haraka ajue mapema, miezi 2 ya mwanzo ni mizani (mapigo) na bashrafu, yaani muziki mtupu wa kufungulia bila ya kuimba, tu. Mie nilichoka, lakini ndo kipindi alichotusimulia vipi Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alimpeleka Muhammad bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na vipi klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ikaanzishwa 1905, huku mkono wake haujaacha udi.

Kasoro ipo. Akiwa na shoo, hasa siku za Idi, somo linavunjika na hasemi, mara 3 nimepanda daladala kutoka Fuoni nikakuta mlango umefungwa, nauli imekwenda na jioni imekwenda. Nilimwambia kwa adabu, iliniuma kweli, tokea hapo anapiga simu asubuhi.

Na udi msinunue kabla hajauona. Wa kwanza nliuziwa dukani shingo imepinda, hata ukaze nyuzi vipi haukai, yeye kauinua usawa wa jicho tu akajua. Siku hizi natumia wake wa akiba. Jumamosi kumejaa, Jumanne na Alhamisi bado kuna nafasi.