"Nina njaa": DJ alivyoniharibia Gonjiam, au labda alivyoniokolea

Nimekaa na hasira hii siku kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, basi naandika.

Filamu yenyewe ni Gonjiam: Haunted Asylum, ile ya Korea Kusini ya mwaka 2018. Vijana wanaingia usiku katika hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoachwa, wanajirekodi na kurusha mambo yao moja kwa moja kwenye intaneti, shabaha ni kupata watazamaji milioni moja. Najua wengi mmeshaiona. Mimi huchelewa kwa kila kitu. Tuko Kadutu, hapa Bukavu, Kongo, mega za intaneti ni pesa, kwa hiyo filamu tunawekewa kwenye flashi pale kwenye kioski cha kuchaji simu, franka 500 moja. Hapo unaulizwa: unataka yenye sauti zao wenyewe na maandishi ya Kifaransa chini, au unataka ya tafsiri, yaani ile ambayo DJ amekaa juu yake anaeleza kila kitu kwa Kiswahili? Nilichukua ya tafsiri kwa ajili ya mama. Maandishi ya Kifaransa yanamkimbia. Akimaliza kusoma mstari mmoja, aliyeusema ameshakufa.

Hapo ndipo nilipokosea. Ama sikukosea, sijui, tutafika huko.

Jioni hiyo umeme ulikuwepo, na hilo peke yake lingetosha kuwa filamu, maana mitambo ya umeme ya mto Ruzizi iko hapo chini tu na sisi tunazeeka na mishumaa. Tulikuwa mama, mimi, wadogo zangu wawili na mama jirani aliyekuja kuomba chumvi akasahau kuondoka. Mvua ilikuwa imekatika, mabati yamenyamaza. Ukitaka kuogopa, huwezi kupata usiku mzuri kuliko huo.

Mwanzo tu mama akaleta maswali yake. "Na mulinzi iko wapi? Banaingia tu hivi, bila fishi?" Tulicheka mpaka mama jirani akapaliwa. Lakini nilivyofikiri baadaye, ana haki. Hospitali ya kwetu haitishi kwa mizimu, inatisha kwa faktiri, ile bili ya matibabu. Kuingia ni fishi, karatasi ya kulipia, kutoka ni faktiri, na kuna watu wamepona kabisa wanaendelea kulala mle kwa sababu familia haijakamilisha deni. Mzimu wa hapa ungezuiwa mlangoni mpaka ulipe.

Sasa nieleze filamu hii inavyokutisha, ili mwelewe DJ alichoiba. Kila mmoja amejifunga kamera mwilini, moja inaonyesha anachokitazama, nyingine imeelekezwa usoni pake. Kwa hiyo unaona uso wa mtu unaogopa kabla hujajua anaogopa nini. Nusu ya kazi ni ule uso. Nusu nyingine ni kimya. Koridori, pumzi, kiatu juu ya vioo vilivyovunjika, kisha hakuna kitu, kisha hakuna kitu tena, na wewe mwenyewe unaanza kusikia vitu ambavyo havipo.

DJ hajui kimya ni nini. Kila pumzi aliijaza. Majina ya Kikorea yalimshinda, akawabatiza: kiongozi anayebaki nje kwenye hema na sikrini zake ni Bosi, msichana aliyetoka Marekani ni Diaspora, kijana mnene kidogo akawa Kapteni Ugali. Sawa, hilo nilimsamehe. Lakini anatangulia! Wanaufikia mlango wa chumba namba 402, ule ambao haufunguki, na yeye anapiga kelele: "Usiguse, mwanangu! Atagusa huyu. Mnaona? Nimesema atagusa!" Hata mdogo wangu wa miaka tisa alimwambia anyamaze, akimwambia televisheni.

Halafu ikafika ile sehemu. Walioiona wanaijua. Wawili wametoka mbio, wako msituni, gizani. Mmoja anamwita mwenzake, mwenzake haitiki, ameinama. Anapoinua kichwa, macho yote ni meusi, hakuna weupe hata kidogo, na midomo inatembea haraka, haraka sana, kama mikono ya mama wa sarafu, yule wa kubadilisha pesa, akihesabu noti. Sauti inayotoka ni mnong'ono tu. Uso umejaa sikrini nzima. Huna pa kukimbilia.

DJ akafanya mambo mawili. Kwanza, juu ya uso ule, akatangaza namba yake ya simu kwa wanaotaka filamu mpya, akairudia mara mbili, polepole, tuandike. Pili, akakumbuka kwamba kazi yake ni kutafsiri, akasema kwa sauti ya huruma: "Dada anasema, nina njaa. Nina njaa. Sijakula tangu asubuhi."

Mama akapiga mapaja: "Eh! Iko na njaa mutoto wa watu! Bamupe chakula kwanza!"

Kila kitu kikaishia hapo. Mama jirani akaanza kueleza jinsi mtoto wa dada yake alivyoanguka shuleni kwa sababu ya njaa. Hospitali ya mashetani ikawa mkutano wa wazazi. Hata dakika za mwisho nilizitazama kwa pembeni, kwa chuki.

Kesho yake, ama keshokutwa, nilirudi kwenye kioski. Sikwenda kugombana. Nilisema tu kwa adabu kwamba tafsiri ile ni uongo, yule dada hasemi lugha yoyote, ni mnong'ono usio na maneno. Kijana hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Yaya," yaani dada, "ulikuwa unataka kuogopa ama kusikia?" Nikamwambia nilitaka vyote viwili. "Kwa franka mia tano? Mkorea aje mwenyewe kwako?" Waliokuwa wanachaji wakacheka. Nilihisi masikio yanawaka.

Akaongeza, kama mtu anayenifundisha, kwamba nisiichezee ile filamu kwa sababu ni ya kweli, wale watu walikufa kweli mle ndani. Hapo nikapata pa kupumulia. Nikamwambia hospitali ya kweli ilikuwepo, ndiyo, ilifungwa 1996 na ikabomolewa mwaka uleule filamu ilipotoka, lakini picha walizipiga Busan, katika shule iliyoachwa, na wale "waliokufa" ni waigizaji ambao walijishikia kamera wenyewe. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Basi kama unajua yote, unalipia nini?" Na akaniwekea ile ya sauti yenyewe. Akachukua franka 500 nyingine. Hakuna punguzo, hakuna pole.

Niliitazama peke yangu usiku, visikizio masikioni, shuka mpaka kidevuni. Na sasa lazima niwe mkweli, hata kama ananisoma yule kijana. Sehemu ya kwanza inachosha. Wanakutana, wanacheka, wanapanga vifaa, wanacheka tena, na mimi nilikuwa nangoja mtu aniambie huyu nani na yule nani. Bila Kapteni Ugali nilichanganya wavulana wale mpaka katikati. Mara mbili nilijikuta natabasamu kwa utani wa DJ ambao haukuwemo. Nilikuwa namkumbuka mtu ninayemchukia!

Lakini walipoingia ndani, mambo yakabadilika. Kimya kilikuwepo. Kilikuwa kizito hivi kwamba nilitoa kisikizio kimoja ili nisikie mama anakoroma chumba cha pili, nijue dunia bado ipo. Na ile sehemu ya msituni niliitazama kupitia vidole. Mnong'ono hauna maana yoyote, ndiyo maana unaingia mpaka kwenye mifupa. Akili inatafuta neno la kushika, hailipati. Nikasema nyota tano. DJ afungwe, kijana wa kioski afungwe naye.

Asubuhi nikampa mama habari, kwa ushindi kabisa, kwamba yule binti hakusema ana njaa, hakusema chochote. Mama alikuwa anachambua maharage. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wewe unajuaje? DJ ndiye anajua kile kiluga." Nikaacha.

Nyota nne, basi. Tatu na nusu kwa sababu ya mwanzo. Sijui tena.

Maana juzi usiku umeme ukakatika, na choo chetu kiko nje, chini ya ngazi za udongo. Sitaki kusema umri wangu, lakini nilimwamsha mama anisindikize. Akaja na kitenge chake mabegani, bila tochi, akilalamika kwamba mtu mzima mwenye diploma anaogopa Wakorea. Nilimaliza. Nikatoka na ndoo mkononi. Giza tupu, simwoni. Nikaita, "Mama?" Hakuitika. Nikaita tena. Kisha nyuma ya sikio langu, polepole, pumzi ya moto: "Nina njaa. Sijakula tangu asubuhi."

Ndoo tuliipata kwa jirani wa chini, imepasuka.