Filamu Nne za Maisha ya Whitney Houston: Ipi Ulipie?

Kabla hujalipia, angalia mwaka na jina la mwongozaji. Mbili kati ya hizi zinaitwa Whitney tu, ya 2015 na ya 2018, na ukibonyeza harakaharaka utajikuta umenunua ile uliyokuwa ukiikwepa.

Ya kwanza kwangu ni ya 2018, dokumentari ya Kevin Macdonald. Familia iliridhia, ndiyo maana kanda za nyumbani zimejaa, lakini mwongozaji hakuwaonea haya. Kaka zake Whitney wanakiri mbele ya kamera kwamba walitumia naye dawa za kulevya. Bobby Brown, aliyekuwa mumewe, akiulizwa habari hizo anagoma. Eti hazihusiani na maisha ya marehemu. Macdonald kaliacha jibu hilo hivyohivyo, na linasema mengi kuliko angefunguka. Halafu kuna Whitney akiimba wimbo wa taifa wa Marekani kwenye Super Bowl (fainali ya futiboli ya Kimarekani) ya 1991, Tampa: suti nyeupe ya michezo, kitambaa kichwani, mapigo ya wimbo yamehamishwa kutoka matatu hadi manne kwa kila kipimo ili apate nafasi ya kuivuta sauti. Hii nunua kabisa, utairudia.

Ya pili, Whitney: Can I Be Me (2017) ya Nick Broomfield, haikupata baraka za familia. Utamu wake ni picha za ziara ya 1999 alizopiga Rudi Dolezal, na David Roberts, aliyekuwa mlinzi wa Whitney, anayesimulia alivyoandika ripoti ya kuonya kuhusu dawa za kulevya, akaishia kukosa kazi. Hii ikodi tu, inatosha.

I Wanna Dance with Somebody (2022) ni maigizo, Naomi Ackie ndiye Whitney. Sauti unayosikia kwa sehemu kubwa ni ya Whitney mwenyewe, kwa hiyo tafuta spika ya maana. Clive Davis, bosi aliyemsainisha, ni mmoja wa watayarishaji. Usishangae humo ndani akionekana malaika. Ya kutazama na mama na mashangazi.

Ya mwisho ni ile ya 2015, ya televisheni, iliyoongozwa na Angela Bassett. Yaya DaCosta anaigiza, Deborah Cox anaimba. Cox sauti anayo, ila hukuja kumsikiliza yeye. Ukiikuta bure, haya.

Ukikodi, kwa kawaida una saa 48 tu tangu uanze kucheza, kwa hiyo hakikisha bando lipo kwanza.